Matofali Nyuma ya Simtanki

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka huu huu, saa tano asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alianguka nyuma ya simtanki la maji, kwenye kiwanja chetu cha kufyatulia matofali kule Chamazi, ndoo ikiwa mkononi. Jumatano tukamzika. Na tangu arobaini yake nikaanza kupoteza matofali, ila sikujua. Au niseme ukweli, maana nimeitwa hapa kwa ajili hiyo: nilijua kidogo, nikaogopa kujua zaidi.

Ndugu zangu, mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wenye biashara ndogo alinifuata nyumbani akasema, "Dada, njoo uwaeleze wenzio ulivyopunguza uharibifu kazini." Nikamwambia mie nimeishia darasa la saba, sijui hotuba. Akasema, "Nani kakuomba hotuba? Sema yaliyokukuta." Basi nitasema yaliyonikuta. Majina sitataja, na watu wabaya msiwatafute, maana katika habari hii hawamo. Humu najua kuna wenye sabuni, wenye mikate, wenye kushona sare, na yule kaka wa mageti pale nyuma. Kila mtu atachota linalomfaa.

Nyumba yangu na kiwanja vimetenganishwa na ukuta mmoja. Marehemu alifyatua matofali pale miaka kumi na sita, na watu wanne: fundi mkuu, aliyeanza kazi kwetu akiwa hajaoa; mchanganyaji, mtu wa maneno mengi; na wabebaji wawili. Kazi yangu mie ilikuwa chai ya saa nne na kumwagilia matofali maji asubuhi kabla jua halijachoma. Tofali la saruji likikosa maji siku zile za mwanzo linakauka haraka, halishiki. Hilo nilifundishwa na marehemu.

Nikaingia eda. Waislamu wenzangu mnaelewa, nyie wengine nawaambia: miezi minne na siku kumi mjane hatoki ovyo, hajipambi, anakaa ndani anamwombea mumewe. Wifi yangu mkubwa akaja kukaa nami. Ni mtu mwema, Mungu amlipe. Lakini siku ya tatu tu aliwaita mafundi barazani, nikamsikia kwa masikio yangu: "Huyu yuko edani. Asiletewe habari ya kumuongezea simanzi. Likiharibika jambo huko, limalizeni huko huko."

Wakaitikia wote. Walikuwa wanatenda wema.

Kila Ijumaa fundi mkuu alikuwa anakuja dirishani kabla ya swala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kazi inaendaje?"

"Inakwenda, mama. We muombee mzee."

"Hakuna lililoharibika?"

"Hakuna kabisa."

Nami nashukuru, narudi kwenye mswala.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Mashine yetu ya kufyatulia ina mlio wake. Ikiwa nzima inagonga taratibu kama mtu anayetwanga kisamvu bila haraka. Mwezi wa pili wa eda, masika yamepamba moto, nikaanza kusikia mlio wa pembeni, chuma kwa chuma. Niliuelewa mlio ule. Kalibu ya chuma, lile umbo ambamo tofali linatengenezwa, ilikuwa imelika upande mmoja. Ijumaa fundi akaja, nikamuuliza swali lile lile, akajibu jibu lile lile, nami nikamuacha aende. Ningeweza kusema, "Mbona mashine inalia?" Sikusema. Niliogopa akinijibu ukweli nitafanya nini, mwanamke niliyekaa ndani na kanga nyeupe, simjui hata fundi wa kuchomelea. Nikaona bora nisiambiwe.

Eda ikaisha mwezi wa sita. Nilipotoka nikakuta kiwanja kimefagiwa, matofali yamepangwa mstari, watu wamevaa mashati safi kunipokea. Nikalia kwa shukrani. Kitu kimoja tu: nyuma ya simtanki sikwenda. Pale ndipo alipoangukia. Hata kumwagilia maji niliacha, kwa sababu bomba liko upande ule. Nilikuwa nikifika karibu na kona ile nageuka. Mafundi waliona, wala hawakuniuliza.

Tukaendelea hivyo. Lakini saruji ilikuwa inaisha upesi kuliko zamani. Nikiuliza, mchanganyaji anasema, "Mchanga wa safari hii, mama, unakunywa saruji kama mlevi." Wanacheka, nami natabasamu. Rohoni nina hofu. Nikawa mtu wa kushtuka. Geti likigongwa nashtuka, simu ikilia nashtuka, wingu likifunga nashtuka. Nilikuwa na hakika kwamba kile kiwanja kinanifia mikononi na kwamba watu wanne na watoto wao watakosa riziki kwa sababu yangu. Ila sikuwa nakiona kinachokiua, au sikutaka.

Mwezi wa nane akaja mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyu ni mtu wa hapa hapa, babu wa babu yake kazikwa Dar. Alikuwa anachukua matofali kwetu na kuwauzia wateja wake tangu duka lake lilipokuwa kibanda. Siku ile alikuja mwenyewe, na tofali moja amelifunga kwenye kiroba kama mgonjwa.

"Mama, pole tena kwa mzee," akasema. Kisha akaniwekea lile tofali mbele. "Bonyeza kona kwa kidole gumba."

Nikabonyeza. Kona ikamong'onyoka kama mkate wa mchele uliolala.

"Kwa marehemu nilikuwa nachukua nimefumba macho," akasema. "Haya yameshakwenda kwa mteja, mama mmoja muuza chapati, anajenga chumba na sebule kule bondeni. Ukuta umefika lenta, juu ya milango. Mie sichukui tena mpaka nione mabadiliko."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Mie muuzaji tu, mama. Mfyatuaji wewe."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Mchana ule ule nilikwenda bondeni. Nikaona ukuta, na chini yake kwenye kivuli kuna watoto watatu wanacheza kombolela. Ndugu zangu, siwezi kuwaeleza hofu niliyoipata. Nilichukua ufunguo wa nyumba nikaukwaruza ukuta taratibu, mchanga ukamiminika. Nikakwaruza mstari mwingine wa matofali, mchanga. Nikawaita wale watoto nikawapa hela wakanunue miwa, wailie mbali. Mama yao akatoka na unga mikononi.

"Vipi, shoga, unakagua?"

"Dada, haya matofali ni yangu. Hayafai. Bomoa."

"Unasemaje?"

"Bomoa. Nitakuletea mengine bure kabla ya vuli. Lakini watoto wasikae chini ya huu ukuta hata leo."

Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye ndala. "Nani kakutuma uje unitie wazimu mchana kweupe?"

"Hakuna."

"Nyie wenye viwanja nyie! Nimesukuma chapati miaka minne kwa ajili ya ukuta huu. Miaka minne! Sasa nikwambie, vuli ikinikuta sina chumba, nakuja kulala sebuleni kwako na wanangu wote, na mbuzi wangu pia."

"Njoo," nikamwambia. Nilikuwa namaanisha.

Akajifuta unga mikononi, akasema, "Kwanza hata chai hujanywa." Nikakataa. Sikustahili chai yake.

Nikarudi nikaingia stoo. Mifuko ya saruji ilikuwa ishirini na saba, imelazwa sakafuni. Nikaikanyaga mmoja mmoja. Minane ilikuwa mawe matupu, masika yameinywesha maji kutoka chini, na imefunikwa kwa mizima isionekane. Ikabaki kumi na tisa, na mingine sikuwa na uwezo wa kununua. Yule mama alihitaji matofali mia sita na kitu.

Nikamuuliza fundi mkuu, "Mfuko mmoja unatoa mangapi?"

"Thelathini na tano, mama."

"Hayo ya marehemu. Ya leo?"

Akaangalia vidole vyake.

"Yanayovunjika mnapeleka wapi?"

Mchanganyaji macho yalimponyoka, yakaenda kwenye simtanki yakarudi.

Nikaanza kutembea. Si mbali, labda hatua ishirini. Jua linawaka, nami nasikia baridi. Fundi mkuu akanikimbilia, "Mama, huko usiende, mama tafadhali." Nilishika bomba kwanza, nikazunguka. Pale alipoangukia mume wangu palikuwa na turubai la buluu, limeinuka kunizidi kimo. Nikalivuta. Matofali yaliyovunjika, rundo juu ya rundo, yenye nyufa, yasiyo na kona, na nyundo mbili za kuyapondea zimeegeshwa pembeni.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu arobaini," fundi mkuu akasema. "Kalibu ilianza kulika. Tukasema tusikusumbue edani. Yakajaa. Tukaanza kuyaponda na kuyarudishia kwenye mchanga ili rundo lisionekane."

"Kwa nini hapa?"

Mchanganyaji, yule wa maneno mengi, ndiye aliyejibu, na hakuwa na mzaha hata chembe. "Tulijua huku huji, mama."

Mbebaji mmoja akaropoka, "Mie nilisema tumwambie! Mkaniita mbea!"

"Wewe hata ukinyamaza unapiga kelele," mwenzie akamjibu, "nani angekusikiliza?"

Nilikaa chini pale pale, kwenye rundo. Walidhani nitawafukuza. Fundi mkuu alikuwa ameshavua glovu, anaziweka juu ya simtanki, kama mtu anayekabidhi. Na mie nilikuwa na maneno ya ukali tayari mdomoni. Lakini nikaona haya, kwa sababu kila nikitaka kusema "mmenificha", nasikia ule mlio wa chuma nilioukalia kimya mswalani.

Nikawaambia, "Mashine niliisikia. Tangu masika. Nilijua kalibu imelika, nikaogopa kuuliza. Vaa glovu zako, baba."

Wale watu wazima wanne hawakujua waangalie wapi. Kisha fundi mkuu akavaa glovu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na nitawaeleza kama ilivyokuwa, haikwenda vizuri moja kwa moja.

Kwanza rundo. Tulilitoa lote pale nyuma tukaliuza kama kifusi. Watu wa Chamazi wanaohitaji kujaza sakafu ni wengi, maguta ya kubebea mizigo yalipishana getini siku mbili. Pesa ile ilitosha kuipeleka kalibu Chang'ombe kwa fundi wa kuchomelea. Alipoiona akatuuliza kama tulikuwa tunafyatua matofali au maandazi.

Pili nikatoa amri moja, na amri hii ndiyo mwenyekiti anayotaka muisikie. Nikasema: tofali likivunjika, lisitupwe, lisipondwe, lisifichwe. Liwekwe kwenye ubao hapa getini, mbele ya kila anayeingia, na aliyelivunja aseme limevunjikaje. Hakuna atakayegombezwa. Nikaona wanatazamana. Mchanganyaji akasema, "Mama, getini? Si tutafukuza wateja?" Nikamwambia wateja wameshafukuzika.

Siku ya kwanza ubao ukabaki mtupu, kwa woga. Nilijua yapo, nikasikia hata moja likidondoka. Hakuna aliyelileta. Niliogopa sana siku ile, kuliko hata siku ya turubai. Nikasema basi, imeshakuwa tabia, haitoki.

Siku ya pili nikaamua kubeba mwenyewe, nisaidie. Nikabeba tofali kwa mkono mmoja, mkono wa pili nashikilia mtandio kwa upepo. Likaniponyoka, likapasuka vipande vitatu miguuni kwa fundi mkuu. Wote wakasimama. Nikaokota vipande, nikaenda getini nikavipanga kwenye ubao, nikasema kwa sauti, "Limevunjika kwa sababu nilibeba kwa mkono mmoja. Nilikuwa nashika mtandio."

Mchanganyaji akasema, "Sasa mama, aliyelivunja ni wewe au mtandio? Tumuandike nani?"

Wakacheka. Mie pia nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kiwanja kile kusikia kicheko cha kweli tangu mwezi wa pili. Kabla ya adhuhuri ubao ulikuwa na matofali kumi na moja.

Na yalipowekwa wazi yakaanza kujieleza yenyewe. Mengi yalikuwa yamepasuka katikati, na mbebaji akasema ni vibao, vile vya kubebea tofali bichi, vimepinda kwa mvua. Tukavichagua, vilivyopinda vikaenda kuwa kuni za chai. Mengine yalivunjika njiani, maana kilima cha mchanga kilikuwa katikati ya kiwanja na wabebaji wanakizunguka na mzigo mbichi mikononi. Nikauliza kwa nini mchanga uko pale. Fundi akasema, "Mzee ndipo alipoumwaga." Mzee aliumwaga pale miaka ile mashine ikiwa upande mwingine! Tuliusogeza kwa toroli siku nzima, nami kila beleshi likichota naona kama namkosea marehemu. Lakini tuliusogeza. Saruji tukaiinua juu ya mbao isilale sakafuni, na mfuko wa zamani unatoka kwanza. Na mie nikarudi kwenye bomba langu, kumwagilia asubuhi. Siku za mwanzo nilikuwa namwagilia nikiwa nimegeuza uso.

Wakati wote huo nahesabu mifuko. Mitano ya mwanzo kila mmoja ulitupa ishirini na sita, ishirini na nane. Nikipiga hesabu haitoshi. Nilikuwa naangalia angani kila saa, vuli isije ikatuwahi. Mfuko wa tisa ukatoa thelathini na tatu. Wa kumi na mbili thelathini na tano. Mfuko wa mwisho tulifyatua thelathini na saba, fundi mkuu akakaa chini akafuta uso kwa shati. Tulikuwa na mia sita na kumi na kitu, mazima.

Tulipoyapeleka bondeni, mafundi wangu waliubomoa ule ukuta wenyewe kwa mikono yao. Mama wa chapati alisimama anaangalia, amejifunga kibwebwe. Ukuta ukapanda tena.

Yule mzee wa duka akaja mwezi wa kumi. Akaona ubao getini, siku hiyo una matofali manne.

"Mama, unawaonyesha watu uharibifu wako?"

"Ndiyo, mzee. Nisipouonyesha hapa, utauona kwako."

Akaenda kwenye mstari, akachagua tofali yeye mwenyewe, akaliinua mpaka kifuani akaliachia. Lilidunda likalala. Akachukua jingine akaliachia. Kisha akasema atachukua nusu ya alichokuwa anachukua zamani, "mpaka tuzoeane tena." Nusu. Sikumlaumu, na mpaka leo ni nusu. Lakini kwa saruji ile ile ya zamani sasa tunapata matofali mengi zaidi, na nusu hiyo inawalisha watu wanne na inabakiza kidogo. Kabla, tulikuwa tunauza mara mbili na hakibaki kitu, maana kilichokuwa kinabaki kilikuwa chini ya turubai.

Nawashukuru mafundi wangu kwa kukubali kuona aibu mbele ya geti. Namshukuru yule mzee kwa kulibeba lile tofali mwenyewe, hakumtuma mtu. Wifi yangu nilipomweleza alilia, akasema ni yeye aliyeharibu. Nikamwambia hapana, kosa tuligawana. Siku hizi anatuletea chai ya saa nne. Namshukuru mama wa chapati kwa hasira yake, na nyie kwa kunisikiliza.

Ninalowaomba ni moja. Wewe dada wa sabuni, wewe kaka wa mageti: mkirudi kazini, msiulize "hakuna lililoharibika?" Swali hilo lina jibu lake ndani. Ulizeni, "Leo limeharibika lipi?" Kisha muwe tayari kwenda kuliona mahali lilipo, hata kama ni mahali msipopapenda. Mie bado naogopa. Sitawadanganya kwamba hofu imekwisha.

Vuli imeanza wiki iliyopita, mmeiona. Alhamisi ilinyesha tangu alfajiri, maji yakawa yanashuka bondeni kama mto. Sikuweza kukaa nyumbani. Nikajifunika turubai nikaenda, nikasimama nje ya ule ukuta, naukodolea macho. Mlango ukafunguliwa.

"Wewe mama, umekuja kuuzuia kwa mikono? Ingia ndani, utaumwa."

Nikaingia. Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka, mbuzi kafungwa pembeni. Akanipa kigoda, na mahali pa kukiweka hapakuwa pengine ila ukutani. Nikakaa. Akanimiminia chai, akanipa chapati ya moto, mvua inapiga bati hatusikilizani. Nikainywa chai yote, nikaegemeza mgongo.